Mwangaza Ule Ulikuwa wa Nani?

Tunaposoma habari za Ulaya katika karne ya 18, tunafundishwa majina ya wafilozofu: Voltaire, Diderot, Rousseau. Walisema kwamba akili ni taa ya kila mtu. Lakini ni mara haba tunauliza: taa hiyo ilifika nyumbani mwa nani? Tutazame Ufaransa.

Kwanza, mfuko wa fedha. Encyclopédie ya Diderot na d'Alembert ilianza kutoka mwaka 1751. Ilipotimia, mwaka 1772, ilikuwa na vitabu vikubwa 28, na bei yake ilikaribia livre elfu moja. Kibarua wa Paris alipata kama livre moja kwa siku. Tena, siku zilizotangulia Mapinduzi ya 1789, kati ya wanaume mia waliofunga ndoa, 47 tu waliweza kuandika jina lao. Kati ya wanawake mia, 27.

Mwanamke tajiri aliweza kukaribia. Madame Geoffrin, mjane mwenye mali, aliwaalika waandishi mezani kwake kila Jumatano, akatoa fedha zake kwa kusaidia Encyclopédie. Hata hivyo aliendelea kwenda Misa. Lakini Rousseau, katika kitabu chake Émile cha 1762, alifundisha kwamba msichana alelewe kwa ajili ya kumpendeza na kumtumikia mume. Basi mwanamke alikaribishwa kama mwenye nyumba, si kama mwenzi wa wafilozofu.

Mapinduzi yakafika. Tarehe 5 Oktoba 1789 wanawake wa Paris walikwenda Versailles kwa miguu kudai mkate. Lakini mwezi wa Desemba Baraza la Taifa liliwapa kura wanaume peke yao, tena wale tu waliolipa kodi iliyolingana na mshahara wa siku tatu. Maskini alifungiwa nje pamoja na mwanamke. Condorcet alikataa neno hilo mwaka 1790. Olympe de Gouges aliandika mwaka 1791 tangazo la haki za mwanamke. Aliuawa kwa gilotini tarehe 3 Novemba 1793.

Wala wanawake wenyewe hawakuwa na neno moja. Mwaka 1793 wanawake wa chama cha mapinduzi walitaka bei za vyakula zipunguzwe kwa amri. Wauzaji wa sokoni, ambao amri hiyo iliwaharibia biashara, wakapigana nao. Wakubwa wakashika ugomvi huo kuwa sababu, wakafunga vyama vyote vya wanawake tarehe 30 Oktoba.

Na vijijini? Huko wanawake wengi waliwaficha mapadri waliokataa kiapo, na mwaka 1795 walidai funguo za makanisa. Watu wa mjini waliwaita wajinga. Lakini kanisani ndipo mwanamke wa kijiji alipokutana na wenzake, alipobatizia watoto, alipozikia wafu wake. Vitabu vya Paris havikumpa mahali pengine. Imani yake ilikuwa na akili ndani yake.

Ndugu msomaji, fundisho jipya likipita kati ya watu wetu, tusiharakishe kuwaita wanaolikataa wajinga, wala wanaolipokea waasi. Tuulize kwanza: kila mmoja amepewa nini, na ameombwa aache nini? Padri asiyeuliza hivyo atawahubiria watu asiowajua.