Saa ya Mkononi ama Klipu ya Kiunoni? Soma Hii Kabla Hujatoa Ganji Yako

Siku hizi ukipita ufuo wa Diani jioni, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekazana vizuri, utakuta watu kibao wanapiga tizi. Wengine wanakimbia, wengine wanasakata boli, na mikono mingi ina kabendi keusi ka kuhesabu hatua. Sasa na wewe unataka yako. Swali ni, uchukue ya kuvaa mkononi ama ile ya kubana kwenye nguo?

Wengi huchagua kwa rangi na bei. Rada safi ni hii: angalia kwanza mikono yako inafanya nini kutwa. Hapo ndipo utajua kama namba utakazosoma usiku ni za ukweli ama za kujifurahisha.

Jibu la haraka

- Chukua ya mkononi kama unakimbia, unaogelea, unataka kujua mapigo ya moyo na usingizi, na kazi yako inakuruhusu kuvaa saa.
- Chukua klipu kama mikono yako imeshikilia kitu siku nzima, ama kazi yako haitaki kitu mkononi.
- Usinunue yoyote kwanza kama una simu janja inayokaa mfukoni. Tutafika hapo.

Inahesabu aje hatua?

Ndani ya zote mbili kuna sensa ndogo inayosikia mtikisiko. Haioni miguu yako. Inasikia tu kitu kikitingishika kwa mdundo wa mtu anayetembea, halafu inaandika hatua.

Klipu ikikaa kiunoni iko karibu na katikati ya mwili, kwa hivyo ukikanyaga tu inasikia. Ya mkononi inategemea mkono ubembee. Mkono ukitulia, hatua zinapotea. Mkono ukicheza na wewe umekaa, hatua zinaongezeka bure.

Fikiria msee anayesukuma mkokoteni wa maji pale Ukunda. Ametembea tangu asubuhi, jasho linamtiririka, lakini mikono imeshika chuma na haibembei. Saa inaweza kumwandikia siku ya mtu aliyeshinda barazani. Aliyebeba ndoo kichwani na mkono mmoja juu, shida ni ile ile. Sasa geuza: mwenye kukanda unga wa mahamri alfajiri anaweza kupewa hatua ambazo miguu haijaona. Na ukipanda nduthi kwa barabara ya mashimo, kifaa chochote kinaweza kukuhesabia ule mtikisiko.

Lakini kuna kitu ya mkononi inaweza na klipu nyingi haziwezi: mapigo ya moyo. Ile taa ya kijani chini ya saa inamulika ngozi, damu ikipita inanyonya mwanga, na saa inahesabu kila mpigo. Ndiyo maana lazima igusane na ngozi. Wino mzito unaweza kuizuia. Mwaka 2015 Apple yenyewe ilikubali kwamba tatoo za mkononi zinaweza kuvuruga usomaji wa saa yake. Kwa hivyo kama umechorwa tatoo ama piko kwa ajili ya harusi, vaa mkono ambao haujachorwa.

Klipu ndio ilitangulia

Usidhani klipu ni kitu cha juzi. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani inaitwa Yamasa ilitoa kifaa cha kubana kiunoni kikaitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ile hesabu ya hatua 10,000 kila mtu anaimba ilitokea hapo. Ilikuwa jina la bidhaa, haikuwa agizo la daktari.

Fitbit ilianzishwa 2007 na James Park na Eric Friedman, na kifaa chao cha kwanza, 2009, kilikuwa cha kubana. Halafu 2014 Xiaomi wakaleta Mi Band kwa bei ya kuvumilika, na tangu hapo mkono ukatawala soko. Leo klipu zilizobaki ni zile ndogo za kuhesabu hatua tu, ama bendi ambazo kifaa chake kinachomoka kwenye kamba. Fitbit Inspire 3 ina klipu inayouzwa kando. Xiaomi Smart Band 8 ya 2023 ina kishikizo cha kuibana kwenye kiatu ukikimbia. Kama huwezi kuamua, hiyo ndiyo njia ya katikati: kifaa kimoja, sehemu mbili za kukivaa.

Kazi yako ndio inaamua

*Jikoni hotelini.* Wapishi hawaruhusiwi kuvaa saa wala bangili wakishika chakula, na Diani hoteli ni nyingi. Kununua bendi ya mkononi halafu iishi kwa loka masaa kumi ni kutupa doo. Bana kiunoni, chini ya aproni.

*Wauguzi.* Umewahi kuona ile saa nesi anabana kifuani, imegeuzwa kichwa chini? Sababu ni hiyo hiyo: mikono lazima ioshwe vizuri hadi juu ya kiganja. Huko Uingereza, tangu 2008 wahudumu wa hospitali za umma wanatakiwa mikono iwe wazi kutoka kiwiko kushuka wakihudumia mgonjwa. Kama uko kazini Msambweni ama zahanati yoyote, klipu ni yako.

*Wagema na wakwezi.* Mkono unasugua mnazi kila siku. Skrini haitamaliza wiki.

*Wachezaji boli.* Refa akiwa makini atakwambia uvue chochote cha mkononi kabla mechi ianze. Klipu kwa pindo la kaptura haimuumizi mtu.

*Wanaoswali.* Ukitia udhu, maji lazima yafike ngozi yote mpaka kiwiko, kwa hivyo saa inatolewa ama inasogezwa kila mara. Si shida kubwa, lakini wengi huisahau msikitini. Klipu haikusumbui.

*Ofisi, duka, M-Pesa.* Uko sawa na ya mkononi. Itakukumbusha uinuke.

Na wale wa dera na leso? Dera haina mkanda, lakini klipu inabanwa kwenye sidiria ama kaptura ya ndani. Kwa mwili ndio mpango. Ukiibana kwenye leso itayumba, na siku moja itaishia barabarani.

Chumvi, jasho na karai la kufulia

Pwani ni noma kwa vifaa. Ukisoma "5 ATM" kwenye boksi, maana yake kifaa kilipimwa kwa presha ya maji sawa na mita 50. Haimaanishi uzame nacho mita 50. Kuogelea sawa, kuzamia kwa mitungi kule Kisite-Mpunguti hapana. Na ukitoka baharini, suuza kwa maji baridi ya mfereji. Chumvi ikikauka inakaa kwenye vitundu vya kuchaji na inakula chuma polepole. Klipu nyingi za bei ya chini hazitaki maji kabisa.

Jasho nalo lina mambo yake. Kamba ikibana kutwa kwa joto letu, ngozi inawasha. Mwaka 2014 Fitbit walirudisha bendi yao ya Force, kama milioni moja hivi, baada ya watu kulalamika kuhusu vipele. Legeza kamba, ioshe, na upe mkono hewa ukirudi keja.

Klipu yenyewe ina adui mmoja mkubwa: karai la kufulia. Unaisahau kwenye suruali, inaingia kwenye sabuni, kwisha habari. Kama wewe ni wa kusahau, baki na ya mkononi.

Hapa usidanganywe

*Sukari.* Hii soma mara mbili. Kuna saa zinauzwa ngiri kadhaa, muuzaji anaapa zinapima sukari ya damu kwa kugusa ngozi tu. Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Fikiria mzee wako nyumbani ana kisukari, unamletea zawadi ya saa kama hiyo, inamwandikia namba nzuri, anaruka dawa. Ama inamwandikia namba ya juu, anajidunga insulini zaidi. Hiyo zawadi inaweza kumlaza. Mnunulie kile kipimo cha kudunga kidole, na presha mpime kwa ile mashine ya mkanda wa hewa.

*Kalori.* Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi. Sita vilisoma mapigo ya moyo vizuri, makosa chini ya asilimia 5. Kwa kalori, vyote vilichemsha: kilichokuwa bora kilikosea kwa asilimia 27, kibaya zaidi kwa 93. Kwa hivyo saa ikisema umechoma kalori 600, usikimbilie viazi karai kujilipa.

*Kupunguza kilo.* Utafiti mwingine wa Marekani, 2016, ulifuata watu kwa miaka miwili. Waliopewa kifaa walipunguza wastani wa kilo 3.5. Wenzao waliokuwa kwenye mpango wa kula na mazoezi bila kifaa walipunguza 5.9. Bendi haikimbii kwa niaba yako.

*Hatua 10,000.* Utafiti wa 2019 kwa kina mama wenye umri mkubwa ulionyesha wale wa hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wale wa 2,700, na faida ikasimama karibu 7,500. Usikate tamaa kwa sababu hukufika kumi.

Fanya hivi kabla hujalipa

1. Anza na simu. Weka programu ya bure ya kuhesabu hatua, tia simu mfukoni wiki mbili. Hiyo tayari ni klipu. Ukichoka kuangalia baada ya siku nne, umeokoa doo.
2. Jaribu dukani. Tembea hatua 100 ukihesabu kwa mdomo. Kifaa kikisoma kati ya 95 na 105, kiko fiti.
3. Rudia ukiwa umeshika kitu kwa mikono miwili, kama unavyofanya kazini. Hapo ndio feki na isiyokufaa zitajulikana.
4. Uliza chaja na kamba ya ziada. Chaja nyingi ni za kifaa kimoja tu, na ikipotea utaisaka mpaka Mombasa.
5. Hakikisha inaongea na simu yako kabla utume pesa, si baada.

Uamuzi

Kama mikono yako iko huru, ya mkononi inakupa zaidi: moyo, usingizi, kuogelea. Kama mikono yako ndiyo inakuletea ugali, klipu itakusoma vizuri na haitakugombanisha na bosi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ajitahidi angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Anayesukuma mkokoteni anazimaliza kabla ya Jumanne jioni, hata kama saa yake imeandika sifuri.