Kiminini hulipa, Kitale hupanga

Mwenye duka Kiminini, katika Kaunti ya Trans Nzoia, anapolipia leseni yake ya mwaka, fedha hizo haziishii Kiminini. Zinaingia kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, mfuko mmoja uliowekwa na Katiba ya 2010, na kurudi kwazo kunategemea bajeti inayopitishwa Kitale, makao makuu ya kaunti. Mama mboga anayekatiwa tiketi ya soko yuko katika hali hiyohiyo. Wengi huulaumu ugatuzi, lakini mtindo huu ulianza zamani, hata kabla ya Uhuru.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na masetla wa Trans Nzoia wakataka barabara za kuyafikisha mahindi yao huko. Jaji Richard Feetham, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini kuchunguza utawala wa mitaa, alipendekeza wapewe mabaraza yao wenyewe. Sheria ikapitishwa 1928. Kibarua wa shambani, ambaye mara nyingi alikuwa Mbukusu aliyetoka upande wa Bungoma, alilipa kodi ya kibanda lakini hakuwa na kura katika baraza la masetla. Ndugu yake aliyebaki katika hifadhi alikuwa angalau na Baraza la Wenyeji, japo kiti cha mwenyekiti kilikaliwa na Mkuu wa Wilaya, DC. Aliyevuka kwenda mashambani alikosa huku na huku.

Mwaka 1962 Tume ya Mipaka iliiweka Trans Nzoia katika Bonde la Ufa, na Bungoma ikawekwa Magharibi. Mwanasiasa Masinde Muliro na wenzake hawakuridhika hata kidogo. Uhuru ulipopatikana, mashamba makubwa yakanunuliwa na kugawanywa, na kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye biashara ikakua.

Kisa ambacho vijana wetu hawafundishwi ni cha miaka ya 1960, nacho ndicho kilichoamua mengi. Mabaraza ya kaunti ya wakati ule hayakuwa wakata tiketi tu. Yaliendesha shule za msingi, zahanati na barabara za mashambani. Fedha zake kubwa zilitoka katika GPT, kodi ya kichwa iliyopangwa kwa kipato, pamoja na karo na ruzuku ya Serikali. Watoto wakazidi kumiminika shuleni, wazazi wengi wakashindwa kulipa, na wakusanyaji wa kodi wakarudi na mifuko myepesi. Katika kaunti nyingi mishahara ya walimu ilichelewa, na chama chao, KNUT, kikaitisha migomo.

Serikali iliunda tume chini ya W. S. Hardacre, na ripoti yake ikatoka 1966. Mimi naisoma ripoti hiyo kama ushahidi kwamba wizi haukuwa ugonjwa pekee wa mabaraza. Yalikuwa yametwikwa kazi nzito kuliko mapato yake, na tume ilitaka yaimarishwe. Nairobi ilijibu kwa Waraka wa Bunge namba 12 wa 1967, kisha ikashika njia yake yenyewe. Sheria ya Kuhamisha Majukumu ya 1969 ilianza kazi tarehe 1 Januari 1970, na kwa siku moja mabaraza ya kaunti yakapokonywa shule, afya na barabara, pamoja na GPT.

Hapo ndipo Kiminini ilipoumia kwa namna yake. Sheria hiyo ilizigusa kaunti lakini ikaziacha manispaa saba, na Kitale ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo mji wa Kitale uliendelea kusimamia shule na zahanati zake, ilhali soko la Kiminini, lililo katika wilaya hiyohiyo, mwendo mfupi kwa matatu, likabaki chini ya Baraza la Kaunti ya Nzoia, ambalo halikuwa na la kufanya ila kutoza. Soko, leseni, ushuru wa mazao: hayo ndiyo yaliyosalia. Mfanyabiashara akazoea kumwona askari wa kanjo, yaani baraza, bila kuiona kazi ya kanjo, na chuki ikazaliwa. Naamini chuki hiyo ilielekezwa mahali pasipostahili, kwa kuwa diwani alikuwa amenyang'anywa jembe kabla ya kulaumiwa kwa shamba kuota magugu. Hata makadirio aliyoyapitisha hayakuwa na nguvu hadi Waziri wa Serikali za Mitaa ayaidhinishe.

Kule Bungoma, Malakisi na Sirisia zilipata mabaraza yao ya mji. Trans Nzoia yote iliishi na mabaraza mawili tu, Manispaa ya Kitale na Kaunti ya Nzoia, na Kiminini haikuwahi kuwa na karani wala mweka hazina wa kwake.

Afueni kidogo ilikuja na LATF, mfuko wa kugawia mabaraza fedha za Serikali, uliotengewa asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa sheria ya 1998, na mpango wa LASDAP uliowataka wananchi wachague miradi. Machi 2013 mabaraza yote 175 nchini yakafungwa. Kiminini ikawa eneo bunge lenye wadi sita, na diwani akampisha MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti.

Inauma kuona historia hii ikisahaulika, kwa sababu aliyeisahau huenda kwenye mkutano wa bajeti kuomba msaada, na hali anachokidai ni fedha yake. Kila mwaka makadirio ya kaunti yanatakiwa kufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kabla ya tarehe hiyo, mwenye posho mill na mwenye boda wana haki ya kuuliza hadharani soko la Kiminini limekusanya kiasi gani mwaka uliopita, na katika hicho, ni kiasi gani kilichowarudia kama choo, taa na mtaro.