Mshenga wa Elektroni

Mwezi wa Aprili 1911, katika maabara ya mji wa Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wasaidizi wake waliipooza zebaki kwa heli iliyogeuzwa kimiminika. Ilipofika kiasi cha nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme ulitoweka. Haukupungua kidogo kidogo, bali ulikatika ghafla kama sauti ya zumari mpigaji anapoondoa mdomo. Vitu vya namna hiyo huitwa superkondakta.

Ilipita miaka 46 kabla ya kupatikana maelezo ya kuridhisha, na ugumu wake unaeleweka. Elektroni hazipendani. Kila moja ina chaji hasi, na chaji zilizo sawa hufukuzana. Hata hivyo dalili zote zilionyesha kwamba ndani ya metali iliyopoozwa elektroni hushikana mbili mbili. Basi nani aliyeziposea?

Jibu la kwanza lilianza kuchungulia mwaka 1950, ilipobainika kwamba zebaki yenye atomi nzito zaidi huhitaji baridi kali zaidi ili ukinzani wake utoweke. Kumbe uzito wa atomi umo katika shauri hili. Elektroni inapopita huzivuta kidogo atomi zenye chaji chanya. Atomi ni nzito, hazirudi mahali pake upesi, na ule mkusanyiko wa chaji chanya unaobaki nyuma huivuta elektroni ya pili, mfano wa chombo kinachofuata mkondo ulioachwa na chombo kilichotangulia. Mshenga alikuwa mtetemo wa atomi. Mwaka 1956 Leon Cooper alionyesha kwamba mvuto huo, hata ukiwa dhaifu namna gani, unatosha kuunda jozi. Mwanzoni mwa 1957 Robert Schrieffer, akiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi mjini New York, aliandika mlinganyo wa jozi zote kwa pamoja. Wao wawili pamoja na John Bardeen walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Wawili wa jozi moja hawasimami bega kwa bega. Baina yao huweza kuwapo nafasi za mamia au maelfu ya atomi, na jozi nyingine chungu nzima hupitana humo humo. Aliyezoea tungo hatastaajabu sana: kina cha mshororo mmoja hukutana na mwenziwe wa mshororo unaofuata, ingawa kati yao yamepita maneno mengi yasiyofanana nao.

Nadharia hiyo ilifaulu mno, hata wengi wakaamini kwamba mshenga huyo hawezi kufunga ndoa panapozidi joto la nyuzi 243 chini ya sifuri, au karibu na hapo. Tangu 1973 rekodi ilikuwa imesimama kwenye nyuzi 250 chini ya sifuri. Ndipo Georg Bednorz na Alex Müller, katika maabara ya IBM huko Rüschlikon karibu na Zürich, walipoiacha njia ya wengi. Hawakutafuta katika metali, bali katika kauri, jamaa ya vigae na vikombe, vitu ambavyo kwa kawaida havipitishi umeme hata kidogo. Januari 1986, kauri yao ya lantani, bari, shaba na oksijeni ilianza kupoteza ukinzani katika joto ambalo metali hazikuwahi kulifikia. Katika kichwa cha makala yao waliweka neno la tahadhari, kwamba jambo hilo linawezekana tu. Tahadhari hiyo haikudumu. Mwanzoni mwa 1987 Maw-Kuen Wu, Paul Chu na wenzao huko Marekani walipata kauri ya itri inayofanya kazi kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri, ambako naitrojeni ya kimiminika, iliyo rahisi kwa bei, inatosha kuipooza. Tarehe 18 Machi wanafizikia walijazana katika hoteli moja ya New York, wakasikilizana mpaka usiku wa manane ukapita.

Je, humo nako zimo jozi? Mwaka huo huo watafiti wa Birmingham, Uingereza, walipima usumaku unaopita katika pete ya kauri hiyo, wakakuta kipimo kinacholingana na chaji mbili mbili. Ndoa basi ilikuwapo. Mshenga ndiye aliyekosekana.

Philip Anderson alisema mapema, mwaka 1987, kwamba asili itafutwe katika kauri kabla haijapitisha umeme. Hapo kila atomi ya shaba ina elektroni yake moja isiyoweza kuhama, kwa vile jirani haipokei mgeni, na visumaku vya elektroni jirani huelekeana kinyume. Kwake yeye, jozi zimo humo tangu mwanzo, zikingoja nafasi ya kutembea. Wengine, akiwamo Douglas Scalapino na David Pines, waliona kwamba mshenga ni msukosuko wa visumaku hivyo. Mwaka 1994 Chang Tsuei na John Kirtley walionyesha kwamba wimbi la jozi lina pande nne, mbili chanya na mbili hasi, mfano wa karafuu yenye meno yake manne. Umbo hilo huziwezesha elektroni kuoana bila kukaa mahali pamoja, na lilitia nguvu hoja ya usumaku. Watetezi wa mtetemo hawakunyamaza, na majaribio ya 2001 yakawarudisha barazani. Kisha mwaka 2015 mchanganyiko wa hidrojeni na salfa, chini ya shinikizo kubwa ajabu, ulipoteza ukinzani kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, kwa kazi ya mshenga yule yule wa kale. Ule mpaka uliowazuia watu kutafuta haukuwa mpaka.

Mwaka 2022 kundi la Séamus Davis lilichunguza kauri ya bismuti, atomi kwa atomi, likakuta kwamba wingi wa jozi hupanda na kushuka kadiri elektroni jirani zinavyobadilishana nafasi kupitia oksijeni, takriban kama usumaku unavyodai. Ni ushahidi mzito, ingawa si wote waliouona kuwa hukumu. Anderson alifariki mwaka 2020 akishikilia kwamba mshenga hahitajiki kabisa, na Müller mwaka 2023, akiamini mpaka uzeeni kwamba atomi zina mkono wao katika ndoa hiyo.