Saa Tatu ya Nani? Safari ya Saa Kutoka Jua la Nyumba ya Mungu Hadi Kwenye Seva

Simama kando ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, kaskazini mwa Tanzania, saa sita kamili mchana, chomeka kijiti ardhini, kisha tazama kivuli chake. Utakuta bado kinalalia magharibi. Jua halijafika utosini. Kwa wastani wa mwaka, hapa jua hufika juu kabisa saa sita na nusu. Saa ya mkononi imelitangulia jua kwa nusu saa nzima.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Bwawa lipo nyuzi 37 na dakika 28 mashariki mwa Greenwich. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo jua la hapa limeitangulia Greenwich kwa saa mbili na nusu, kasoro sekunde chache. Lakini saa za Afrika Mashariki ni saa tatu kamili mbele ya Greenwich, na hizo ni saa za mstari wa nyuzi 45, unaopita mbali huko Somalia.

Basi saa tunayoifuata haikushuka na jua. Ni mapatano ya watu. Na leo, fundi wa kompyuta anayeiagiza seva ifunge hesabu za duka watu wakiwa wamelala asipoyajua mapatano hayo, atapata hesabu zisizo za kweli.

Reli yadai saa moja

Zamani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake. Waswahili walihesabu saa kuanzia jua kuchomoza na jua kuzama, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, hesabu hiyo haikupotoka sana mwaka mzima. Mtu wa Upareni hakuwa na haja ya kujua kwamba adhuhuri ya Tanga hutangulia ya kwake.

Mambo yalibadilika waya na reli vilipoingia. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington na kuichagua Greenwich kuwa mahali pa kuanzia kuhesabu saa za dunia. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilipita Same, chini ya Milima ya Upare, na kufika Moshi mwaka 1911. Kati ya Tanga na Moshi jua hupishana kwa dakika saba. Kwa mkulima dakika saba si kitu. Kwa treni mbili zinazotumia njia moja, dakika saba ni ajali.

Hata hivyo, kuafikiana kuhusu saa hakukuwa jambo la siku moja. Kumbukumbu za Kenya zinaonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyosita. Mwaka 1908 Nairobi iliacha saa ya jua lake ikachukua saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Katikati ya 1928 ikasogezwa hadi saa tatu. Januari 1930 ikarudishwa kwenye mbili na nusu. Mwaka 1937 ulipoanza, ikawa saa mbili na dakika 45. Agosti 1942, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, ikarudi saa tatu, na hapo ndipo ilipotulia mpaka leo.

Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi saa rasmi ya Nairobi ililingana na jua la nyika hii, kabla bwawa halijajengwa. Bwawa lenyewe lilikuja katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1968 mitambo yake ya megawati 8 ikaanza kufua umeme.

Mstari usio na nafasi ya mahali

Kupanga kazi moja ifanyike kwa pamoja katika nchi zenye saa tofauti hakukuanza na kompyuta. Wapimaji wa hali ya hewa walitangulia. Vipimo vikuu vya dunia huchukuliwa saa 0, 6, 12 na 18 za Greenwich. Mpimaji wa kituo cha Same anaposoma kipimo cha mvua saa tatu asubuhi, anatimiza ratiba ya saa 6 ya dunia. Wao walikwisha kukubaliana kwamba saa iliyoandikwa ni ya Greenwich.

Kompyuta zilipofika, swali la saa ni ya wapi lilisahaulika. Mwaka 1979 maabara za Bell za Marekani zilitoa toleo la saba la mfumo wa Unix. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo iitwayo cron, jina lenye asili ya neno la Kigiriki la wakati. Kazi yake ilikuwa kuamka kila dakika, kusoma orodha ya maagizo, na kutekeleza lililofika wakati wake. Kila agizo lilikuwa mstari mmoja wenye nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki. Ukitaka kazi ifanyike kila siku saa 21:00, unaandika: 0 21 * * *

Utaratibu huo umedumu hadi leo, na seva zisizohesabika zinautumia. Lakini tazama kilichokosekana: hakuna nafasi ya sita ya kusema ni saa ya wapi. Kompyuta ilikuwa chumbani pamoja na watu wake, hivyo hakuna aliyeuliza.

Swali lilirudi seva zilipokwenda kukaa mbali na wenyewe. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na kwa miaka kadhaa mitambo yake ilikuwa Ujerumani, mpaka ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Sasa fikiria kazi yoyote iliyopangwa saa sita usiku kwa saa ya Ujerumani. Wakati wa baridi, Nairobi itakuwa saa nane usiku. Wakati wa kiangazi Wajerumani husogeza saa mbele, na kazi ileile Nairobi itakuwa saa saba. Sisi hatujagusa saa yetu, ila ratiba imehama. Tena usiku wa kusogeza mbele, saa nzima hurukwa, na usiku wa kurudisha nyuma, saa hiyo hujirudia. Agizo lililowekwa ndani ya saa hiyo laweza lisitekelezwe, au litekelezwe mara mbili.

Ndiyo maana mafundi wengi huziacha seva zifuate saa ya dunia, UTC, isiyosogezwa na kiangazi. Hilo ni jema, lakini nalo lina mtego. Agizo la kufunga mwezi tarehe 1 saa 0:00 za UTC, hapa hutekelezwa saa tisa usiku. Mauzo ya saa tatu za mwanzo za mwezi mpya yataingia kwenye hesabu za mwezi uliokwisha. Ukitaka saa sita usiku ya kwetu, lazima uagize saa 21:00 ya siku iliyotangulia, ambayo huenda ni tarehe 28, 29, 30 au 31.

Dawa imekuja polepole. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Arthur David Olson alianzisha kanzidata ya saa za miji ya dunia, ambayo baadaye ikatunzwa na Paul Eggert na wenzake. Mabadiliko yote yale ya Nairobi yameandikwa humo. Dar es Salaam, Kampala na Mogadishu zimeelekezwa kwenye ukurasa wa Nairobi, kwa kuwa tangu 1970 saa zao hazijapishana. Na mwaka 2023 mfumo wa Kubernetes, unaoendesha seva nyingi duniani, ulithibitisha rasmi nafasi ya kutaja ukanda wa saa katika kazi zake za ratiba. Hapo ilikuwa imepita miaka 44 tangu mstari ule wa cron utoke.

Saa ya mwenye kazi

Kwetu bado kuna swali jingine. Mwenye duka wa Same akisema "nitumie ripoti saa mbili", anamaanisha saa 8:00 au 20:00, wala si 2:00. Akisema usiku wa Ijumaa, kwa hesabu ya kale ya Kiswahili, usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwenye seva huanza ikiwa bado ni Alhamisi. Hakuna kanzidata itakayomweleza fundi hayo. Ni lazima aulize.

Nawasihi vijana wetu wanaojifunza kazi hii waulize, kisha waandike jibu pembeni ya kila agizo: saa ya dunia ni hii, saa ya mwenye kazi ni hii. Waliopanga saa za nchi hizi walizibadilisha tena na tena bila kumuuliza mtu wa nyika hii, na kivuli cha kijiti chake kinatoa ushahidi hadi leo, kila mchana, saa sita na nusu.