Cardiff City: timu ya buluu iliyovalishwa nyekundu

Tarehe 6 mwezi wa sita mwaka wa 2012, wakaaji wa Cardiff, mji mkuu wa Wales, walitangaziwa habari iliyowashtua. Timu yao ya mpira, Cardiff City, iliyovaa buluu tangu mwaka wa 1908, ingecheza nyumbani kwa jezi nyekundu. Ndege wa buluu aliyekuwa kwenye nembo alipunguzwa na kusogezwa chini, na juu yake likawekwa joka kubwa jekundu.

Wafuasi hawakuwa wameomba jambo hilo. Lilitoka kwa Vincent Tan, tajiri wa Malaysia, aliyeingia katika timu pamoja na wenzake mwaka wa 2010. Hesabu yake ilikuwa rahisi kuelewa. Kwa watu wengi wa Asia, nyekundu ni rangi ya bahati, na joka ni alama ya nguvu. Timu nyekundu yenye joka ingeweza kuuza jezi nyingi huko kuliko timu ya buluu yenye ndege mdogo. Tena joka jekundu liko kwenye bendera ya Wales yenyewe. Pamoja na mabadiliko hayo, Tan aliahidi fedha nyingi za kuimarisha timu, iliyokuwa imelemewa na madeni.

Hapo wafuasi wakagawanyika. Wengine walisema: bila fedha timu itakufa, na maiti haina haja ya rangi. Wengine walisema: timu yenyewe inaitwa Ndege wa Buluu, ukiondoa buluu, kinachobaki ni nini? Walikumbusha mwaka wa 1927, wakati Cardiff ilipoifunga Arsenal 1-0 kule Wembley na kubeba Kombe la FA. Mpaka leo hakuna timu nyingine ya nje ya Uingereza yenyewe, yaani England, iliyowahi kulichukua kombe hilo. Babu aliyeona siku ile aliwasimulia watoto, na watoto wakawasimulia wajukuu. Rangi ilikuwa sehemu ya hadithi.

Mwanzoni mambo yalimwendea Tan vizuri. Mwaka wa 2013 Cardiff iliongoza daraja la pili na kupanda Ligi Kuu, mahali ambapo haikuwa imefika tangu mwaka wa 1962. Hata siku za furaha, wafuasi wengi waliingia uwanjani na skafu za buluu. Wachezaji walivaa nyekundu, na watu waliokuja kuwashangilia wakavaa buluu. Mwaka wa 2014 timu ilimaliza ya mwisho na kushuka. Ushindi ulipokosekana, hasira ilikosa kifuniko, na viti vikaanza kubaki wazi.

Tarehe 9 mwezi wa kwanza mwaka wa 2015, timu ilitangaza kwamba buluu inarudi. Tan alieleza kwamba mama yake alikuwa amemzungumzia umuhimu wa umoja na furaha. Kesho yake Cardiff iliingia uwanjani kwa buluu na kuifunga Fulham 1-0. Msimu uliofuata ndege alirudi mahali pake kwenye nembo.

Jambo kama hilo lilijaribiwa pia Hull, mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza. Huko mwenye timu, Assem Allam, mzaliwa wa Misri, alitaka jina Hull City ligeuzwe kuwa Hull Tigers, akiamini litauzika zaidi nje ya nchi. Wafuasi walipinga, na mwezi wa nne mwaka wa 2014 chama cha mpira cha Uingereza kikalikataa ombi lake. Hull City ikabaki Hull City.

Historia hii inawagusa hata watu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi, kwa sababu mfuasi wa mbali aliyekuwa akitafutwa ni mtu kama wao. Kijana wa Congo anayeipenda Arsenal au Barcelona hajawahi kuomba ibadilishiwe rangi ili imfurahishe. Aliipenda ilivyo, na anafurahi kujua kwamba anavaa rangi ileile anayoivaa mtu aliyezaliwa karibu na uwanja. Ukiipaka timu rangi nyingine kwa ajili yake, umemnyang’anya wa karibu bila kumwongezea wa mbali.

Si kwamba jina halibadiliki kamwe. TP Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka wa 1939 na watawa Wabenediktini, kwa jina la Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na kwa jina hilo ikachukua ubingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, mwaka wa 1967 na 1968. Jina Mazembe lilikuja baadaye. Lakini dunia nzima ilipoitambua, mwezi wa 12 mwaka wa 2010 kule Abu Dhabi, haikuwa kwa sababu ya jina lililotengenezwa ili kuuzika. Ilikuwa kwa sababu iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali ya dunia dhidi ya Inter Milan, na kwa sababu kipa Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi chini. Mazembe ilifungwa 3-0 siku ya fainali, lakini wageni waliomwona Kidiaba hawakumsahau.

Wanaolijua jambo hili zaidi ni waliolazimika kuacha makao yao. Nyumba inaachwa, shamba linaachwa, lakini jina la kijiji na la timu ya kijiji huenda na watu mpaka kambini. Watoto wakigawana upande wa kucheza, majina ya nyumbani ndiyo wanayojiita. Wafuasi wa Cardiff hawakukimbia vita, na hasara yao haiwezi kulinganishwa na hiyo. Lakini miaka ile miwili na nusu, walipokataa kuziweka kabatini skafu za buluu, walikuwa wanashika kitu cha namna hiyohiyo: kile ambacho mwenye fedha anaweza kukinunua, lakini hawezi kuwasahaulisha wenyewe.