Hita Dhaifu ya MGB na Historia ya Joto katika Magari ya Michezo

Gari la michezo lilipopata umbo lake nchini Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, yaani gari jepesi la viti viwili lenye paa la turubai linalokunjwa, joto la waliomo ndani halikuhesabiwa kuwa sehemu ya gari. Dereva alitarajiwa kujikinga kwa koti zito, glovu na blanketi la miguuni, na hata baada ya Vita Kuu ya Pili gari kama MG TC, lililotengenezwa kati ya 1945 na 1949, lilitoka kiwandani na kioo cha mbele kinachoweza kulazwa na vidirisha vya kuchomeka milangoni, lakini bila hita. Hali hiyo haikutokana na uhaba wa maarifa. Mwaka 1893 Margaret Wilcox wa Chicago alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa ajili ya chombo cha kupasha joto mabehewa, na mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilikwisha kuuza magari yaliyovuta hewa ya nje, kuichuja na kuipasha moto kwa maji ya injini. Waingereza waliunda magari yao ya michezo bila hita kwa sababu waliona kuwa anayetaka starehe atanunua gari la familia, na uamuzi huo wa kibiashara uliacha alama ambayo fundi wa leo bado anakutana nayo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Takriban theluthi ya nishati iliyomo katika petroli huishia kwenye maji yanayoipoza injini, na hita si kitu kingine ila rejeta ndogo inayopitishiwa sehemu ya maji hayo, huku feni ikisukuma hewa katikati ya mapezi yake kuelekea miguuni na kwenye kioo. Joto hilo halina gharama ya ziada, kwa kuwa lingepotea hewani, na kwa hiyo hita inapokuwa dhaifu swali la kwanza si kama joto lipo, bali limezuiwa wapi njiani.

MGB, gari lililoundwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980 na kuzidi idadi ya 500,000, ni mfano mzuri kwa sababu lilizaliwa katika kipindi cha mpito. Mwanzoni hita yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Smiths, ilikuwa nyongeza ambayo mnunuzi wa Uingereza aliilipia kando, na ndiyo maana mzunguko wake unafanana na chumba cha uani kilichoongezwa baada ya nyumba kukamilika. Maji hutoka nyuma ya silinda hedi kupitia koki inayofunguliwa kwa waya kutoka kwenye dashibodi, huingia katika rejeta ndogo iliyofungwa ndani ya sanduku la bati chini ya boneti, kisha hurudi mbele kwa bomba jembamba linalopita juu ya manifoldi na kuungana na mpira wa chini wa rejeta kubwa. Kila kiungo katika safari hiyo ni chembamba, na sehemu inakoanzia, yaani nyuma ya injini, ndiko kutu na matope ya miaka mingi hupenda kutuama. Si ajabu kukuta hata koki ya kumwagia maji ya bloku imeziba kiasi kwamba ikifunguliwa haitoi tone.

Kwa sababu hiyo uchunguzi huanzia mkononi kabla ya kufika kwenye zana. Injini ikiwa imepata moto na kitufe cha joto kimefunguliwa hadi mwisho, fundi hushika kwa uangalifu mipira miwili ya hita. Ule wa kuingilia ukiwa moto na wa kurudia ukiwa baridi, maji hayapiti vizuri, na mshukiwa ni koki iliyokwama nusu, waya ulioteleza kwenye kishikizo chake usiweze kuifungua yote, rejeta ndogo iliyojaa uchafu, au hewa iliyonaswa ndani. Hewa hiyo hutolewa kwa kuchomoa mpira wa kurudia na kumimina maji mpaka mapovu yaishe, na uchafu husafishwa kwa kusukuma maji kinyume na mwelekeo wake wa kawaida. Hilo la kinyume halipaswi kupuuzwa, kwani kuyafuata maji yalikozoea kwenda hukandamiza zaidi kile kilichoziba.

Mipira yote miwili ikiwa vuguvugu tu, kosa liko kwenye injini, na mara nyingi ni themostati, yaani vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa kabla hayajafikia joto linalotakiwa. MGB ilipangiwa themostati ya nyuzi 82 za Selsiasi kwa matumizi ya kawaida, ya 74 kwa nchi za joto na ya 88 kwa nchi za baridi kali, kwa hiyo gari lililorejeshwa Ulaya kutoka nchi ya joto laweza kuwa limebeba kasoro yake kwa uhalali kabisa. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamezoea kuing'oa themostati wakiogopa injini kuchemka; tabia hiyo huichakaza injini hata Mombasa, na katika majira ya baridi ya Uingereza huiua hita papo hapo.

Mipira yote ikiwa moto sana na bado hewa inatoka na joto hafifu, lawama inahamia upande wa hewa, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kununua rejeta ndogo mpya wasiyoihitaji. Ndani ya sanduku la Smiths mna vipande vya sponji vinavyoziba mwanya kati ya rejeta hiyo na kuta, na vingine kati ya sanduku na bodi. Vikishaoza, hewa baridi hupita pembeni bila kugusa mapezi, na feni ya mwendo mmoja tu ya magari ya awali haina nguvu ya kufidia upotevu huo. Kulitoa sanduku hilo ni kazi ngumu inayochukiwa, kwa sababu limebanwa kati ya bati na mabomba, na ndiyo sababu sponji za kiwandani hukutwa zimegeuka vumbi bila kuguswa kwa miongo mingi.

Porsche 911, iliyoanza kutengenezwa 1964, ilifuata njia nyingine, kwa kuwa injini yake ilipozwa kwa hewa na joto la abiria lilichukuliwa kwenye maganda yaliyozunguka ekzosi, na maganda hayo yakitoboka kwa kutu hatari huwa ni moshi wenye sumu. Kwa MGB mabadiliko yalitoka sokoni: Marekani, iliyonunua sehemu kubwa ya magari hayo, iliweka mwishoni mwa miaka ya 1960 kanuni za usalama zilizodai kioo cha mbele kiweze kuondolewa ukungu na barafu, na kuanzia hapo, katika magari ya soko hilo, hita haikuweza tena kuwa hiari ya mnunuzi. Hata hivyo mzunguko wa maji ulibaki karibu vilevile, na mwenye gari la 1963 na mwenye gari la 1973 huchunguza koki ileile, kwa utaratibu uleule, kuanzia nyuma ya silinda hedi.