Umepoteza Ng'ombe Gani?

Kiangazi kimoja nilitoka Arash alfajiri, peke yangu, fimbo mkononi na maji mgongoni. Nia yangu ilikuwa kutembea tu mpaka jua ligeuke, kisha nirudi. Nilifuata barabara ya vumbi, nikaiacha, nikapanda kilima cha mawe na migunga kwa njia nyembamba iliyochimbwa na kwato. Huko juu nikamkuta mzee amekaa kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepoteza ng'ombe gani?"

Nikaona haya kumwambia kwamba sina hata ndama, natembea tu. Lakini swali lake sikulisahau. Huku kila njia ina sababu yake: maji, majani, magadi.

Vitabu vingi huanza kwingine kabisa. Vinatuambia Oscar Baumann, Mwaustria, aliondoka Tanga Januari 1892, na Machi akawa Mzungu wa kwanza kushuka kreta ya Ngorongoro. Haya, sawa. Ila hakuwa peke yake. Alikuwa na msafara mzima wa wapagazi. Na kule kreta alikuta Wamaasai waliokondeana kwa njaa, maana sotoka ilikuwa imeshamaliza mifugo yao. Mgeni akiona nyika imenyamaza, ni rahisi kudhani haina mwenyewe, kumbe wenyewe wamo msibani.

Baada ya njia ikaja mistari. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliridhia kwenye karatasi kuihama Serengeti. Mwaka uliofuata sheria ikaitenga Ngorongoro, ambako watu na wanyama wangeishi pamoja.

Arash nayo ikafikiwa na mstari wake. Mwaka 2017, baada ya maboma kuchomwa moto, Arash na vijiji vya Ololosokwan, Kirtalo na Oloirien vilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Juni 2022 vigingi vikasimikwa Loliondo kutenga kilomita za mraba 1,500, leo Pori la Akiba la Pololeti. Septemba mwaka huohuo kesi ikatupwa. Kilichoiangusha ni mpaka: vijiji vilionekana havikuthibitisha kwamba watu waliondolewa kwenye ardhi ya vijiji, si ndani ya hifadhi. Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaifuta hukumu hiyo, kikaagiza kesi isikilizwe upya.

Ndipo nikaelewa, msomaji wangu, kwa nini swali la yule mzee lilikuwa zito. Mahakamani mtu huulizwa alisimama upande gani wa mstari. Mzee aliniuliza ninafuata nini. Mfugaji anaweza kulijibu swali la pili usiku wa manane. La kwanza linataka mpima ardhi.

Kabla ya kuagana nilimwuliza ile njia inaishia wapi. Akainua kidevu kuelekea magharibi.

"Inakwenda majini," akasema. Akanyamaza kidogo. "Zamani."

Nikageuka, nikarudi nilikotoka.